Namna ya Kuijua Sababu ya Ustawi



Katika sherehe hii ya miaka 10 twaulizwa: ni nini kilichotustawisha? Wengi hujibu: uongozi bora. Tukiwauliza wamejuaje kuwa ni bora, husema, "Je, hamwoni kuwa chama kimestawi?" Huo ni mwendo wa ngamia wa kinu: kutwa yumo njiani, na jioni yu pale pale. Nasi wa ofisini tumepata kujisifu kwa mavuno mema, kumbe sifa ni ya mvua.

Wachunguzi wa mipango ya biashara nao hukumbana na shida hiyo. Tutazame mji wa Rochdale, Uingereza. Mwaka 1833 lilifunguliwa duka la ushirika, likauza kwa mkopo, na mwaka 1835 likafungwa. Mwaka 1844 wanachama 28 walifungua jingine kwa mtaji wa pauni 28, wakashika kanuni ya fedha taslimu. Hilo likadumu, hata likawa kielelezo kwa wanaushirika wa nchi nyingi.

Je, taslimu ndiyo iliyoliokoa? Mwaka 1843 John Stuart Mill alieleza katika kitabu chake cha mantiki kuwa sababu huonekana tukilinganisha mambo mawili yaliyo sawa kwa yote, ila moja. Lakini maduka yale hayakuwa hivyo: miaka 9 ilikuwa imepita, watu hawakuwa wale wale wote, na la pili lilikuwa na kanuni nyingine pia, kama kugawa faida kwa kadiri ya manunuzi. Basi taslimu yaweza kuwa sababu, lakini mfano mmoja hautoshi kuthibitisha.

Twasema haya kwa kuwa leo lipo shauri la kufungua maduka ya kukopesha pembejeo, kwa hoja kwamba chama jirani kimefanya hivyo kikastawi. Hatulipingi. Twaomba mambo matatu tu. Kwanza, tuvitafute vyama vilivyokopesha vikaanguka. Pili, tujaribu katika vyama vya msingi viwili, tukivilinganisha na viwili vinavyofanana navyo. Tatu, tuandike sasa, kabla ya msimu, ni hasara ipi itakayotufanya tuache. Maana baada ya hasara udhuru haukosekani.

Fedha itakayotumika ni jasho lenu. Haifai kuitoa kwa kusikia habari za washindi peke yao.

Ushirika na udumu.