Mchezo Nao Usimwache Mtu Nje



Tunapoomba kompyuta za vituo vya vijana, huulizwa: michezo ya video itamfaa nini mwenye ulemavu? Jibu letu ni kwamba kijana asiyeweza kucheza na wenzake hubaki pembeni, na upweke nao ni umaskini.

Njia zipo. Mwaka 2018 kampuni ya Microsoft ilitoa kifaa cha kuchezea chenye vitufe viwili vikubwa na matundu 19 ya kuunganishia swichi za kubonyeza kwa mguu au kiwiko. Watu wenye ulemavu walishirikishwa kukibuni. Mwaka 2020 mchezo wa The Last of Us Part II ulitoka ukiwa na mipangilio zaidi ya 60: maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu, ishara za kuonekana kwa viziwi, sauti za kuongoza kwa wasioona. Mipangilio hiyo imo ndani ya mchezo. Inataka kuwashwa tu.

Basi, kabla ya kununua chochote, tuwaulize vijana wenye ulemavu wenyewe, na tuwape nafasi katika kamati.