Kuongeza Nafasi Katika Nyumba za Mji Mkongwe



Mwenye nyumba Mji Mkongwe, watoto wakishakuwa wakubwa, hupata shauri la kupandisha chumba juu. Halaumiwi, wana na mabinti hawalazwi pamoja. Lakini kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu imelazwa juu ya boriti za mikoko. Matofali ya saruji huzielemea, na lipu ya saruji hufungia unyevu ukutani hadi vichwa vya boriti vikaoza. Nyumba ikishindwa, walalao chini ndio wafukiwao.

Ni afadhali ukumbi mpana ugawanywe kwa mbao, au ghala ya chini iondolewe makorokoro. Na kibali kiombwe Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, iliyoundwa mwaka 1985, kabla fundi hajaitwa.