Ufunguo wa Mlango Uko kwa Nani?

(Mazungumzo na vijana baada ya tarawehe, Majengo, Nairobi)

Ndugu yangu kijana, na wewe dada unayesoma ukurasa huu ukingojea adhana ya magharibi, leo tuzungumze juu ya kitu ambacho hakikutoki mkononi: simu, na jamaa tulio nao humo ndani.

Ukiwa wakaa Majengo, Eastleigh, Kariobangi au Kayole, wajua mambo yetu. Mchango wa maziko, futari ya majirani, mtoto aliyepotea, yote siku hizi hupitia kwenye simu. Kikundi chetu kilikuwa na ukurasa wa wanachama katika mtandao mmoja mkubwa, jina silitaji. Humo ndimo tulimoweka orodha ya nyumba za kupelekewa futari. Siku moja katikati ya Ramadhan twaenda kuufungua, umefungwa! Kosa letu hatukuambiwa. Wa kumpigia simu hakuna. Basi tukawa twakumbuka nyumba kwa vichwa tu, na nyumba ya bibi mmoja tukaisahau siku tatu. Tulipomfikia alisema, "Wanangu, nilidhani mmenichoka." Wallahi maneno yale bado yanichoma.

Na si sisi peke yetu. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika pamoja dunia nzima kwa muda wa saa sita hivi, kwa kuwa zote ni za kampuni moja. Mwenye ploti akifunga geti, wapangaji wote hulala nje.

Kijana wetu mmoja fundi wa kompyuta akatuonyesha Mastodon, mtandao ulioanzishwa mwaka 2016 na Eugen Rochko huko Ujerumani. Huo hauna geti moja. Ni seva nyingi, kila moja na msimamizi wake na sheria zake, na bado watu wa seva hii huwasiliana na wa seva ile. Mfano wake ni misikiti yetu. Wa Majengo una kamati yake, wa Eastleigh una yake, wala hakuna anayemwomba mwenziwe ruhusa ya kuwasha taa. Lakini wewe wa msikiti huu ukiingia ule, wapangwa safu bila ya kuulizwa watoka wapi. Kanuni inayoziunganisha seva nyingi hizo yaitwa ActivityPub, na ilipitishwa rasmi mwaka 2018.

Tukajiunga. Sasa nisikudanganye, ndugu yangu. Wiki za kwanza ilikuwa kama kuhamia nyumba isiyo na jirani. Mama zetu walibaki WhatsApp, na huwezi kuwalaumu, wenzao wote wako huko. Tena seva yahitaji pesa na mtu wa kuiangalia. Mwaka 2023 seva moja, mastodon.lol, ilifungwa na mwenyewe alipochoka. Ukihama, wafuasi wako waweza kuhama nawe, lakini ulivyoandika zamani havihami. Na ule ujumbe wa watu wawili, msimamizi wa seva aweza kuusoma akitaka.

Kwa hivyo usidhani ati ukitawanya mlango, amana imekwisha. La! Amana imesogea karibu na nyumbani. Zamani tulimwamini tajiri wa mbali asiyetujua, sasa twamwamini mtu tuwezaye kumuuliza. Hiyo ndiyo faida, na ndiyo kazi yenyewe.

Sisi leo twatumia zote mbili, na tumejiwekea mambo matatu. Funguo za kikundi zishikwe na watu watatu, si mmoja. Namba za wanachama ziandikwe pia kwenye daftari. Na majina ya wanaosaidiwa yasiingie mtandao wowote, hilo lilikuwa kosa letu wenyewe tangu mwanzo. Sitara ya mtu si ya kutundikwa.

Basi usiku wa leo, kabla ya daku, uliza kikundi chako: geti likifungwa kesho, bibi yule atapata futari?

Wabillahi tawfiq.