Hesabu ya Mlima wa Moto



Tumeombwa kusema juu ya mabaya yanayotoka katika ardhi, na jinsi yanavyokula feza ya inchi. Sisi makarani wa mgodi si wataalamu wa milima, lakini hesabu ndiyo kazi yetu. Basi tufanye hesabu ya Nyiragongo.

Tarehe 17 Januari 2002 mlima ule ulipasuka. Mawe yaliyoyeyuka yaliteremka mpaka katikati ya mji wa Goma, yakafunika sehemu ya kiwanja cha ndege, yakaunguza maduka, yakaingia katika ziwa Kivu. Watu zaidi ya laki moja walibaki bila nyumba. Tarehe 22 Mei 2021 ulipasuka tena, ukateketeza maelfu ya nyumba na kukata barabara ya Rutshuru.

Wengi wanahesabu nyumba zilizoungua, kisha wanafunga kitabu. Hiyo ni nusu ya hesabu. Barabara ikikatika, maharagwe hayafiki sokoni, bei inapanda, na anayelipa ni mama ambaye hata nyumba yake haikuguswa. Mchuuzi aliyechukua mali kwa deni amepoteza mali, deni limebaki. Serikali nayo haipati kodi ya duka lililo chini ya mawe, na siku ile ile inaombwa feza ya mahema na dawa.

Mtu atasema: mlima ni kazi ya Mungu. Ni kweli. Lakini kuulinda ni kazi yetu. Goma kuna ofisi ya kuchunguza volkano. Msaada wa wageni ulipokwisha mwaka 2020, ofisi ile ilikaa miezi bila intaneti ya kupokea habari za vyombo vyake. Mei 2021 watu waliona mbingu nyekundu kabla ya kusikia onyo lolote.

Wandugu, mgodini hatungoji paa lianguke ndipo tununue miti ya kulitegemeza. Bei ya miti inaandikwa katika matumizi ya kila mwezi. Vivyo hivyo tunadai ulinzi wa mlima uandikwe katika bajeti kila mwaka, kwa feza yetu wenyewe. Inchi inayouza shaba na kobalti haiwezi kusema imekosa feza ya vyombo vichache.

Anayengoja mgeni amlipie mlinzi wa nyumba yake, bado hajawa mwenye nyumba. Tuwe wenye nyumba.