Picha za Akina Mama wa Nyumba Salama
(Mazungumzo mbele ya kamati za parokia na wafadhili)



Wengi mmetuuliza kwa nini taarifa yetu ya robo mwaka haina tena nyuso za akina mama wanaoishi katika nyumba zetu salama. Zamani zilikuwepo: mama ameketi kitandani, mtoto mapajani, na chini yake maneno tuliyoyatunga sisi. Tukiri kwamba picha zile zilileta michango.

Iko picha moja ambayo huenda mmeiona. Machi 1936, huko Nipomo, California, nchini Marekani, Dorothea Lange, mpiga picha wa serikali, alifika kwenye kambi ya vibarua wa kuchuma njegere. Baridi kali ilikuwa imeharibu mazao. Alimkuta mama wa miaka 32 chini ya turubai pamoja na watoto wake, akampiga picha chache, akaondoka. Jina hakumwuliza. Picha ilipotoka gazetini, serikali ilipeleka kambini karibu tani 9 za chakula, lakini familia ile ilikuwa imekwishahama. Waliokula ni wengine, nao walikuwa na njaa kweli, hilo hatulidharau.

Mama yule ni Florence Owens Thompson. Umma ulilijua jina lake mwaka 1978, miaka 42 baadaye, naye akasema anatamani asingepigwa picha ile, kwa kuwa hakupata hata senti. Alipougua mwaka 1983, watoto wake waliomba msaada na watu wakachanga maelfu ya dola. Alifariki mwaka huohuo.

Mama aliyeko nyumba salama ana hatari zaidi ya hiyo. Yupo anayemtafuta. Geti, dirisha, hata sare ya shule ya mtoto inatosha kumwonyesha alipo, na jarida letu linasomwa parokiani kwa huyo mume pia. Mama mmoja alituuliza kama siku atakayotoka hapa picha yake nayo itatoka. Tulinyamaza.

Mpiga picha Jim Goldberg, katika kitabu chake cha mwaka 1985, *Rich and Poor*, aliwapa watu wa San Francisco, matajiri na wa vyumba vya bei ya chini, nafasi ya kuandika wenyewe chini ya picha zao. Hilo tumeliiga. Mama huchagua picha, husema maneno yake, hupewa nakala, na anaweza kuiondoa mpaka siku ya kwenda kiwandani kuchapwa. Wengi huchagua mikono yao, au cherehani. Wengine hukataa kabisa, nasi hatuwaulizi sababu.

Michango inaweza kupungua. Mhasibu wetu ametuonya mara mbili. Toleo lijalo lina picha mbili tu, mojawapo ni ya jiko, aliyoipiga mama mwenyewe. Nanyi wenyeviti, siku ya kutembelea nyumba, tunawaomba kamera na simu zibaki kwenye gari.