Giaboksi ya Otomatiki: Tupime Kabla ya Kununua

(Mazungumzo mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Nachingwea)



Nimepewa nafasi nizungumze juu ya magari makuukuu yenye gia za otomatiki, yale yaliyokwisha kutumika Japani kabla ya kufika kwetu.

Msimu mmoja wa korosho gari la chama kimoja lilishindwa kupanda mlima. Injini ilinguruma, gari likajikokota. Fundi wa kwanza, bila hata kuchomoa kijiti cha kupimia oili, alikata shauri kwamba giaboksi imekufa na inunuliwe nyingine Dar es Salaam. Bodi ilikuwa imekwisha kuidhinisha fedha. Nilipoitwa, nilikuta mpira upelekao oili ya giaboksi kwenye rejeta umepasuka, na oili imepungua mno. Mpira mpya na lita chache za oili vilitosha. Fedha zile, ndugu zangu, zilikuwa makato ya kila kilo ya mkulima.

Katika giaboksi hii oili si ya kulainisha tu. Pampu inayozungushwa na injini huisukuma kwa nguvu, nayo ndiyo inayobana klachi za ndani. Oili ikipungua, pampu huvuta hewa, klachi huteleza, joto hupanda, nazo huungua. Kwa hiyo tuanzie kwenye oili.

Kwanza, kipimo. Gari liwe mahali tambarare, breki ya mkono imevutwa na magurudumu yamewekewa vigingi. Injini na giaboksi vikiisha kupata moto, injini ikiwa inanguruma polepole, pitisha gia taratibu katika nafasi zote huku umekanyaga breki, kisha rudi P. Chomoa kijiti, kifute, kirudishe, kichomoe tena, usome alama ya moto. Hivyo ndivyo Toyota nyingi zinavyopimwa. Baadhi ya magari hupimwa injini ikiwa imezimwa, basi fuateni kitabu cha gari.

Pili, rangi na harufu. Oili nzima kwa kawaida ni nyekundu na angavu. Ikiwa ya kahawia na inanuka kuungua, klachi zimeumia. Ikifanana na maziwa, maji yameingia, mara nyingi kutoka kwenye rejeta; gari lisiendeshwe.

Tatu, uvujaji. Tazameni mipira, sili, na sampu iliyo chini. Njia zetu zina visiki na mawe, na pigo moja laweza kuipasua.

Nne, umeme. Katika Toyota nyingi za zamani, taa ya O/D OFF ikimweka yenyewe, ni ishara ya hitilafu katika mfumo wa umeme wa giaboksi. Waya uliokatika hautibiwi kwa giaboksi mpya.

Oili ya kuongeza iwe ya aina iliyoandikwa kitabuni au kwenye kijiti. Oili ya injini isitiwe kamwe. Gari likizimika porini, msilikokote huku magurudumu yanayoendeshwa na injini yakigusa ardhi: injini ikizimwa pampu husimama, na giaboksi huzunguka bila oili. Magurudumu hayo yainuliwe, au gari lipakiwe juu ya lori.

Sisemi kwamba kila giaboksi itapona. Klachi zikiisha kuungua, kuongeza oili hakuziponyi. Lazima ifunguliwe au ibadilishwe. Ninachosema ni kwamba uamuzi huo uje baada ya kupima.

Mji huu una kumbukumbu yake. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walitegemea sana mitambo mikuukuu iliyobaki baada ya Vita Kuu ya Pili. Mingi iliharibika upesi, karakana zikazidiwa, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Mashine kuukuu si aibu. Aibu ni kuitumia bila kuikagua.

Basi naomba kila chama, Nachingwea na Ruangwa, kiwe na daftari la gari. Dereva apime oili kila wiki, katibu atie sahihi. Na bodi isiidhinishe ununuzi wa giaboksi kabla ya taarifa ya vipimo hivi vinne kuandikwa na kusomwa mbele ya wanachama.