Hati ya Ardhi na Haki ya Mtoto: Shule Ndogo za Kibera na Kawangware Mbele ya Sera za Serikali



Serikali ya Mwai Kibaki ilipofuta karo ya shule za msingi za umma Januari 2003, wengi wenye shule za binafsi za mabati kama zetu, katika mitaa ya Kibera na Kawangware jijini Nairobi, waliona mwisho wao umefika. Watoto walikimbilia shule za umma za Olympic na Ayany. Baadhi ya shule zetu zilifungwa. Lakini madarasa ya umma yalifurika, wazazi wakaanza kuwarejesha watoto, na katika miaka hiyo mtafiti James Tooley alihesabu shule 76 za binafsi ndani ya Kibera pekee.

Zilizopona hazikupona kwa fedha za serikali. Mgao wa kila mwanafunzi huenda kwa shule za umma. Mtoto akihamia kwetu, shilingi zake hazimfuati. Ilhali Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima, wala hakiulizi ameketi kwenye dawati la nani. Tumepona kwa mama fua anayelipa kidogo kidogo akitoka kibaruani jioni, na kwa mwalimu anayekubali nusu mshahara mwezi wa njaa.

Kinachotukaba zaidi ni ardhi. Sehemu kubwa ya Kibera ni ardhi ya serikali, hivyo mwenye shule hana hati ya kuonyesha anapoomba usajili. Julai 2018, barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata ilipopasuliwa, shule zilibomolewa pamoja na nyumba. Kawangware ni tofauti: ploti zina wenyewe, nasi ni wapangaji. Mwenye ploti akitaka kujenga ghorofa, tunahama. Nani atainua ukuta wa mawe mahali asipojua kama mwakani atakuwepo? Kisha anakuja mkaguzi, na swali lake la kwanza ni ukuta wa mawe.

Sitetei majengo mabovu. Septemba 23, 2019, darasa la shule ya Precious Talent liliporomoka pale Ng'ando, kwa majirani zetu, likaua watoto 8. Ukaguzi uliofuata ulikuwa wa haki. Kufunga shule bila kusema watoto waende wapi hakukuwa haki, na hilo linanichoma hadi leo.

Sekondari msingi ilipoanza 2023, likaja suala la maabara. Shule ninayofundisha hukodi ya jirani kila Jumamosi asubuhi; watoto huvuka mitaro kwenda huko, madaftari yakiwa ndani ya mifuko ya nailoni mvua ikinyesha.

Napendekeza usalama wa jengo upimwe peke yake, bila kufungamanishwa na umiliki wa ardhi, na mkataba wa kupanga wa miaka 5 ukubaliwe badala ya hati miliki wakati wa usajili. Kwa leo, hapa mkutanoni, kila mwalimu mkuu aandike idadi ya wanafunzi wake na anakopanga kabla ya chakula cha mchana. Tutaziunganisha orodha hizo ziwe moja, tuzipeleke pamoja kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, na tumwombe atujibu kwa maandishi.